Upo? Nipo.

Mimi ndiye mtu wa TEHAMA katika ofisi yenye watu wachache na malalamiko mengi. Barua pepe ikichelewa, wote wanahamia mezani kwangu. Ikifika, hakuna anayekuja kunishukuru.

Majuzi zilianza kuchelewa. Nikafungua logi za seva, nikakuta nafasi za muunganisho zimejaa wageni wasio na barua hata moja. Mgeni anabisha mlango wa 25, seva inamkaribisha, anajitambulisha kwa EHLO, kisha kimya. Muda wake ukikaribia kuisha anatuma NOOP, amri ambayo kazi yake ni kutofanya kazi. Seva inamjibu 250, yaani sawa, na saa inaanza upya. Watu wa namna hii mnawajua. Anakupigia simu: “Upo?” “Nipo.” “Haya, nilikuwa nauliza tu.” Na hakati! Baada ya kitambo: “Upo?” Mwenye dharura naye akipiga, anaambiwa namba inatumika.

Cha kuudhi ni kwamba sheria iko upande wake. Jon Postel aliiweka NOOP kwenye kanuni za kutuma barua pepe, SMTP, mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa na watu wachache na wenye adabu zao. Toleo la 2008, RFC 5321, bado linaitaka seva imngoje mteja aliyenyamaza kwa dakika zisizopungua 5. Bahati nzuri kuna kifungu cha 7.8, kinachoiruhusu seva kujitetea inaposhambuliwa. Nami nimeamua kwamba ninashambuliwa.

Tunatumia Haraka, seva iliyoandikwa kwa JavaScript, ambayo ukitaka kuibadilisha tabia unaichomekea plagini. Yangu ni fupi. Kila NOOP inapoingia, inahesabiwa kwenye kumbukumbu za muunganisho ule. Ikifika ya tatu, mgeni anapewa 421 na mlango unafungwa. Nikaijumuisha na RSET, amri ya kuanza upya, maana hawa ukiwazibia huku wanatokea kule. Anayekabidhi barua anafutiwa hesabu yote, kwa sababu huyo ana shughuli. Najua seva nyingine ya barua, Postfix, kwa kawaida huvumilia amri za upuuzi 100 kabla ya kukasirika. Mimi sina moyo huo.

Usiku ule plagini ilifukuza watu wa kila namna, nami nikalala usingizi mzito. Asubuhi nikamkuta mama mhasibu amesimama mlangoni.

“Mwanangu, fotokopi haitumi skani.”

Nikaangalia. Mashine ile ikiwashwa asubuhi inafungua muunganisho, inaushikilia kutwa nzima kwa NOOP, na ikikatiwa inasusa mpaka mtu aizime na kuiwasha tena.

“Mama, huyo ni mmoja wao.”

“Mmoja wao nani? Hiyo ni mali ya ofisi!”

Nikamweleza kwamba dawa ni kuirekebisha mashine ifungue muunganisho pale tu inapokuwa na cha kutuma. Akasema fundi wa fotokopi hajalipwa, na anayejua hajalipwa kwa nini ni yeye, na hapendi kuulizwa. Suala likapanda kwa bosi. Bosi huyu ndiye aliyegonga meza kikaoni akitaka wazururaji wote waondolewe kwenye seva yake bila kuangaliana usoni. Alisikiliza pande zote mbili, akakohoa, akaagiza fotokopi isamehewe.

Basi nikatengeneza faili la wasamehewe. Habari zikaenea kabla ya chai ya saa nne. Wakaja wa stoo na kichapishi chao, wakaja wa utumishi na mashine ya mahudhurio, kila mmoja akiapa kwamba chake kinauliza mara chache tu. Sasa faili hilo ni refu kuliko plagini yenyewe. Mstari wa mwisho, ulioletwa na bosi kwa mkono wake, ni anwani ya kompyuta ya shemeji yake, ambayo nimeambiwa inatutumia ankara. NOOP zake nazipata kila siku. Ankara bado.