Jina Langu Limekwenda Wapi?

"Mwanangu, jina langu limekwenda wapi?"

Bi mkubwa aliyeuliza alikaa safu ya mbele, ukumbini Scarborough, Ontario, Kanada, Jumamosi iliyopita. Pilau ilikuwa imefunikwa, na ukutani projekta inamulika ukurasa wa jumuiya yetu: orodha ya waliochangia. Fedha zilionekana vizuri sana. Dola 50, dola 200, dola 20. Majina hayakuwepo. Mzee mmoja aliyetoa 200, ambaye si mtu wa kutoa kimyakimya, akausogelea ukuta na kuupapasa kwa kiganja. Mwenyekiti akanitazama mimi, mtengeneza ukurasa. Nikaufungua ukurasa upya, kisha upya tena, maana ndicho mtu hufanya akiwa hana la kufanya.

Aliyeniokoa, kama huko ni kuokoa, ni mtoto wa darasa la tano. Alipanda jukwaani, akashika kipanya, akakiburuta toka juu hadi chini, na majina yote yakaibuka ndani ya mistari ya buluu. "Yapo, anko. Ni nyeupe juu ya nyeupe." Watu wakapiga makofi. Walimpigia mtoto.

Sasa nijitetee. Kwenye ukurasa wa wavuti, HTML husema kitu ni nini: hiki kichwa, hii aya. CSS husema kionekaneje. Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN, alipendekeza mpango huo Oktoba 1994. Akaungana na Bert Bos, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Raha yake ni kwamba unaandika amri moja mahali pamoja na vichwa vyote vinatii, badala ya kupaka rangi kimoja kimoja. Ila ukurasa mmoja una mabwana wengi. Kivinjari kina mitindo yake, aliyetengeneza kiolezo cha bure ulichopakua ana yake, nawe una yako. Wakigongana, asikilizwe nani?

Ukidhani anayesema mwisho ndiye mshindi, umepatia nusu. Hiyo ni pale tu wasemaji wanapokuwa na cheo kimoja. Kati yako na mwenye kiolezo, kwanza hutazamwa cheo. Amri inayotaja tegi tupu, mfano h2 ya kichwa, ni mlalahoi. Inayotaja klasi, ile ya kuanza na nukta, ni diwani. Inayotaja kitambulisho, chenye alama ya reli, ni mheshimiwa waziri. Na vyeo havijumlishwi: madiwani kumi, hata mia, hawamng'oi waziri mmoja. Iliwahi kugundulika kwamba vivinjari kadhaa vilihifadhi hesabu hiyo katika biti 8, ambazo mwisho wake ni 255, hivyo ukirundika klasi 256 hesabu inafurika na serikali inaanguka. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kwenye treni. Kituo kilichofuata nikasoma kwamba hitilafu hiyo ilisharekebishwa.

Kiolezo chetu kiliweka kitambulisho kwa ukurasa mzima na kuagiza vichwa vyake viwe vyeusi. Mimi nilitaka kile cha juu kiwe cheupe kwenye ukanda wa kijani. Nikaandika h2 iwe nyeupe: kimya. Nikaandika klasi: kimya. CSS haikwambii kwamba imekukatalia; inakupita tu. Ndipo nikarudi kwenye ile amri ya h2 na kuiongezea !important, neno linaloruka vyeo vyote hivyo, na kichwa kikang'aa. Nikaenda kulala. Nani angejua kwamba huko chini, bila ukanda wowote wa kijani, kiolezo kilikuwa kimeyafanya majina ya wachangiaji nayo kuwa h2?

Habari ya vyeo visivyojumlishwa, lakini, niliijua kabla ya CSS. Kila usaili niliokaa mji huu ulifika kwenye swali lile lile: uzoefu wa Kanada unao? Rundika uzoefu wa Dar es Salaam utakavyo, ni madiwani hao. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilisema mwaka 2013 kwamba sharti hilo, kwa mtazamo wa kwanza, ni ubaguzi. Tangu Januari 1, 2026 sheria inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 na zaidi kuliandika kwenye matangazo ya kazi. Kwenye matangazo. Mdomoni linatoka bado, na tabasamu juu.

Mengine ni madogo. Majina yaliporudi, picha ya mwenyekiti ilivutika mashavu mpaka ukingoni. Niliandika colour, kama shule za hapa zinavyofundisha, na kivinjari, kinachojua color ya Kimarekani tu, kikanipuuza. Rangi iitwayo darkgray ni nyepesi kuliko gray, na hakuna wa kumlalamikia.

Sasa katibu anataka tangazo la mkutano mkuu liwe la manjano juu ya nyeupe. Nikamweleza kwamba kanuni za Ontario zinadai maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 angalau, na manjano juu ya nyeupe yanapata 1.07. Kumbe naye amesoma. Kwa sisi tusio serikali, akasema, kanuni hiyo ni ya wenye wafanyakazi 50 na zaidi.

"Sisi, ndugu yangu, hatuna hata mmoja," akaniambia, kisha akauliza nitamaliza saa ngapi.