Jinsi ya Kumnyima Jirani Maji Yako

Dar es Salaam tuna njia yetu ya zamani ya kushughulikia maji ya mvua: mpelekee jirani. Unasakafia ua mzima, unatoboa tundu chini ya ukuta, unachomeka bomba, unalala. Aliye chini yako naye anatoboa lake, hadi bonde la Jangwani. Ukarimu huu ukikuchosha, tengeneza bustani ya mvua: kibonde chenye mimea, kinachopokea maji ya paa na kuyaacha yazame ardhini.

Anza na hesabu, maana kila mtu huapa kwamba maji yake ni kidogo, mabaya ni ya wenzake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50, umeshusha lita 5,000. Hizo ndizo ulizokuwa ukimtumia mama wa nyumba ya chini bila hata hodi.

Kuhusu mahali, kaa walau mita tatu kutoka kwenye msingi, isipokuwa kama unapenda nyufa. Kaa mbali pia na karo la choo. (Wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, mwongozo huu hauwahusu. Wao wanahitaji shehe au padri.)

Sasa pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakizama lijaze tena. Kesho yake ukikuta maji bado yapo, huo ni mfinyanzi: hapo fuga kambale. Yakizama, chimba kibonde cha kina cha sentimita 15 hadi 20, sakafu yake iwe tambarare, na udongo uliotoa uweke tuta upande wa chini. Acha njia ya maji ya ziada, uipange mawe. Wapita njia watauliza umefiwa na nani. Wajibu kwa heshima.

Panda nyasi za vetiva, zinazovumilia mafuriko na ukame. Magimbi yatakupamba Aprili na kukuaibisha Septemba.

Mjumbe atakuja kulalamikia mbu, akiwa ameacha matairi yamejaa maji nyumbani kwake. Mweleze taratibu kwamba mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na kibonde chako kinakauka ndani ya siku mbili. Kisha muulize habari za matairi.

Chimba Januari, baada ya vuli, ardhi ingali laini, kwa sababu masika huingia Machi bila kukungoja. Na fundi akikushauri kumwaga zege chini ya kibonde "ili maji yasipotee", mpe nauli arudi kwake.