Chakula cha Mababu Kamembe

Mgeni wa ng'ambo, yaani ndugu aliyeondoka Cyangugu akiwa kijana na ambaye sasa hurejea kutoka Brussels kila likizo ndefu, hupokewa Kamembe, mji wa huko huko Cyangugu nchini Rwanda, kwa masharti mawili: ale katika kila nyumba, na asithubutu kusema ameshiba. Nyumba hizo haziishi, kwa kuwa undugu hutanuka kadiri ndege inavyokaribia kutua, na shangazi wa nne akiambiwa kwamba mgeni amekwisha kula kwa shangazi wa tatu, huuliza kwa upole kama chungu chake kimeanza kunuka.

Mezani huletwa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu waliokaangwa mpaka wakakauka, pamoja na ugali wa muhogo, na mgeni, ambaye hupiga picha kabla ya kunawa, hutangaza kwamba hatimaye anakula chakula halisi cha mababu. Kauli hiyo ingependeza zaidi kama sambaza wasingetolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya utawala wa Wabelgiji, wenye Brussels hiyo hiyo, na kama muhogo usingevuka bahari kutoka Amerika ya Kusini. Babu anayesifiwa huenda alikua bila kumwonja samaki huyo hata siku moja. Wenyeji hawamsahihishi mgeni, maana aliyeumbuliwa aweza kusahau bahasha, yaani zile fedha za kuagia zinazotolewa kwa siri ijulikanayo na mtaa mzima, ambazo huhesabiwa jikoni kabla sahani hazijaoshwa.