Hiyo Si Sufuria: Mwongozo wa Kufufua Baiskeli Kuukuu ya Alumini

Kwanza weka chini hiyo stilwaya. Majivu yarudishe jikoni, mchanga uache uani. Najua mkono umezoea: alumini ikififia, inasuguliwa mpaka mtu ajione uso. Sufuria huvumilia kwa sababu haina rangi ya kupoteza. Lakini Vitus 979, baiskeli ya mashindano ya Kifaransa yenye mabomba mekundu au ya bluu na viungio vyeupe kama fedha, ukiisugua hivyo umeichuna ngozi. Rangi yake haikupakwa kwa brashi. Bomba lilitumbukizwa kwenye asidi, likapitishiwa umeme, likaota ganda gumu, na ganda hilo ndilo lililonyonya rangi. Ni jembamba kuliko unywele, na maji ya majivu hulila. Likishatoka, hakuna kopo la rangi ya kupuliza litakalolirudisha, hata fundi akuapie.

Sasa tuitambue, maana wapo wanaoita alumini kila kinachong'aa. Chomoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, uibandike kwenye fremu. Ikinasa, hicho ni chuma. Mpelekee fundi wa baiskeli za Phoenix, ataimudu. Ikidondoka, endelea kusoma. Mabomba yakiwa manene na yenye mishono ya kuchomelea, yumkini ni Cannondale ya Marekani, kampuni iliyoanza kuuza baiskeli mwaka 1983. Yakiwa membamba, bila alama ya moto popote, chunguza viungio. Alan ya Italia, iliyoanzishwa na Lodovico Falconi mwaka 1972, mabomba yake huingia ndani ya viungio, yakafungwa kwa nyuzi za skrubu pamoja na gundi. Jina lenyewe limekatwa kutoka maneno ya Kiitaliano yenye maana ya alumini iliyooteshwa ganda gumu kwa umeme. Vitus ni kinyume chake: kiungio kina ulimi unaoingia ndani ya bomba, na kinachovishika ni gundi peke yake.

Umesoma vizuri. Gundi. Na baiskeli hiyohiyo ya gundi ndiyo iliyombeba Sean Kelly wa Ireland, mtu mwenye mapaja ya kuvunja mnyororo, alipotwaa Vuelta ya Hispania mwaka 1988. Basi mtu asikudanganye kwamba ni dhaifu. Adui yake ni moto. Fundi welda akikuambia "lete nikupigie doti moja tu hapa", beba baiskeli yako uondoke bila kuaga. Joto lake huua gundi, na hata alumini iliyo jirani hulegea.

Penye kazi hasa ni nguzo ya siti, na hapa naomba utulivu wako wote. Alumini haioti kutu nyekundu. Huota unga mweupe, na unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani huuharakisha. Niliyonayo mimi ilishuka na kontena la mtumba, nguzo yake imeganda kana kwamba ilizaliwa na fremu. Jirani alikuja na bomba la futi tatu, alivike kwenye siti apate nguvu ya kuzungusha. Nilimzuia mlangoni. Nguvu ile isingeishia kwenye nguzo. Ingekwenda moja kwa moja kwenye gundi. Niliigeuza baiskeli magurudumu juu, nikatia mafuta ya kulainishia matone machache asubuhi na jioni kupitia ndani ya bomba, nikawa natikisa siti taratibu, huku na huku. Siku ya tisa ikatoa mlio mwembamba, kama mlango wa kabati, na unga mweupe ukamwagika sakafuni. Ingegoma kabisa, ningeikata juu na kuipasua kwa ndani, kwa jino la msumeno wa chuma, pole pole, nikiacha fremu salama. Kubana fremu kwenye jiliwa sikukufikiria hata kidogo. Mabomba haya hubonyea kama kopo la soda. Nguzo mpya iwe ya milimita 25 kamili. Ukisukumiwa ya 27.2 kwa sababu "ndiyo ya kawaida", irudishe.

Kwenye ekseli ya pedali, soma maandishi ya vikombe vinavyoishikilia kabla ya kushika spana. Ukikuta 1.37 x 24, ni nyuzi za Kiingereza, na kikombe cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Ukikuta 35 x 1, ni za Kifaransa, na kikombe hichohicho hufunguka kushoto. Wanaoanza na nyundo huwa hawajasoma. Gurudumu la nyuma nalo hukaa kwenye nafasi ya milimita 126. Usiipanue kwa nguvu ili upachike gurudumu la kisasa la 130. Chuma hutanuliwa kikatulia. Alumini ya gundi hupasuka.

Kusafisha ni maji vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, halafu nta ya gari. Kila chuma kinachoingia kwenye alumini kipakwe grisi.

Mwisho, washa tochi upite kila kiungio kwa ukucha. Ukihisi ufa, au ukiona mstari uliofunguka kati ya bomba na kiungio, au fremu ikilia ukiikalia, mpelekee mtu anayejua kubandika upya fremu za namna hii. Humpati? Itundike ukutani na usiipande tena, hata kwenda dukani.