Ushauri kwa Waliotatizwa na Kitenzi "Borrow"

Katika barua za wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, kitenzi cha Kiingereza kinacholeta mashauri mengi kuliko vyote ni "borrow", ambacho hutafsiriwa upesi kuwa ni kukopa au kuazima, kana kwamba maneno hayo mawili ni mapacha.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa Nkwenda anaeleza kwamba alimwambia mwenzake "borrow me your pen", darasa zima likaangua kicheko, ilhali nyumbani husema "niazime kalamu" na kalamu huipata. Kosa lake ni la sarufi tu. Kuazima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, na kiambishi cha yambwa, yaani ile "ni" ya mwanzo, ndicho kinachoonyesha kitu kinaelekea kwa nani. Kiingereza kimegawa kazi hiyo, "borrow" ikawa ya mpokeaji na "lend" ya mtoaji. Wajerumani, waliotawala Karagwe kabla ya Waingereza, wanacho kitenzi "borgen", ndugu wa damu wa "borrow", ambacho huenda pande zote mbili kama kuazima, kwa hiyo wangebaki, mwanafunzi huyu angechekwa kwa makosa mengine. Anashauriwa aseme "lend me", na anunue kalamu.

Mkulima wa jirani na Kayanga alipokea fedha za mchuuzi kahawa ilipokuwa maua, kwa ahadi ya kumpa magunia ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, wakati wa mavuno. Mwanawe, alipoliandika jambo hilo kwa Kiingereza, alitumia "borrow", na baba anauliza kama ni sahihi. Hapa suala ni zito zaidi, kwa kuwa Kiswahili, kisichojali sana nani katoa na nani kapokea, kinajali mno ni nini kitakachorudi: kinachoazimwa hurudi chenyewe, kama jembe, na kinachokopwa hutumika kikaisha, kisha hurudi mfano wake, kama fedha au sukari. (Anayesema "niazime elfu tano" anajua anachokifanya: analikwepa neno lenye harufu ya deni.) Wanasheria wa Roma ya kale waliitenga mikataba hiyo miwili wakaiita commodatum na mutuum, na fiqhi ya Kiislamu inatenga ariya na karadha, ilhali Kiingereza kimevitia vyote katika kapu moja la "borrow". Biashara ya mkulima huyu, ambayo Kagera nzima huijua kwa jina la butura na ambayo serikali imeipiga marufuku, haimo katika mafungu hayo, kwani kinachorudi si fedha bali ni kahawa, kwa bei iliyo chini ya ile ya msimu, iliyopangwa siku ambayo ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Huko ni kuuza, na kuuza mapema mno. Cha ajabu ni kwamba "borrow" ilizaliwa na neno la Kiingereza cha kale "borg", lenye maana ya dhamana, na kwa maana hiyo iliyokwisha kufa kijana hakukosea sana, maana mibuni ya baba yake ndiyo iliyowekwa rehani. Kijana aandike "sell". Baba naye apeleke maganda ya msimu ujao kwenye chama cha msingi.

Mzee wa Murongo, palipo na mpaka wa Uganda kwenye Mto Kagera, alimwazima jirani baiskeli, ikarudi na tandiko jingine na matairi mengine, naye anataka kitenzi kimoja cha Kiingereza cha kumweleza jirani huyo. Kipo, ila hutumika zaidi kituo cha polisi. Kwa kanuni iliyotajwa, fremu iliazimwa na matairi yalikopwa, na mzee anashauriwa adai tandiko na matairi yake kabla jirani hajavuka mto.