Jinsi ya Kuwa Mtaalamu wa Mitandao ya Kampuni Kabla ya Chai ya Saa Nne

1. Anza na vitone. Kila kampuni ni kitone. Kila mkopo, hisa au mkurugenzi anayekalia bodi mbili ni mstari. Usiulize mstari umebeba shilingi ngapi. Ukianza kuuliza, utalala ofisini.

2. Mteja mweke katikati. Hapa ndipo penye hela, kwa hiyo tulia. Programu ya kuchora itamtupa pembeni kule, jirani na muuza matairi. Shika kipanya, mvute taratibu, mnenepeshe, mpake rangi ya dhahabu. Wala hujadanganya: kwenye mchoro wa mtandao, kitone kinapokaa si hoja, hoja ni kimeungana na nani. Wewe unalijua hilo, yeye halijui. Nimewahi kumwona bosi mmoja akiinuka kitini, akaenda hadi ukutani kukigusa kitone chake kwa kidole, kama baba anayeonyeshwa mtoto kwenye picha ya ultrasaundi. Ankara ililipwa siku hiyohiyo.

3. Wataje watafiti Barabási na Albert, 1999. Kanuni yao ni ya pumzi moja: mgeni akiingia mtandaoni hujiunga zaidi na aliye na marafiki wengi, ndiyo maana wachache huvimba na wengine hubaki dagaa. Bibi yako aliijua zamani, ila usimtaje, hana digrii.

Atatokea mbishi: mbona kampuni changa humpiku mkongwe? Mjibu kwamba mwaka 2001 Bianconi na Barabási waliongeza kipimo cha ubora wa kila kitone. Umeshafunga milango yote miwili. Akishinda mkongwe, ni marafiki. Akishinda mchanga, ni ubora. Na ubora utaujuaje? Kwa kumtazama aliyeshinda.

4. Chora grafu ya vitone vingapi vina mistari mingapi, kwa skeli ya logi pande zote mbili; ikinyooka, sema ni kanuni ya Barabási na Albert. Huko karibu kila kitu hunyooka, hasa ukikodoa macho kwa mbali. Mwaka 2019 Broido na Clauset walipima mamia ya mitandao, wakakuta inayonyooka sawasawa ni adimu. Waheshimu sana. Usiwaalike.

5. Ukiulizwa nani atakua mwakani, sema, "Mzee, haya ni mageuzi, hayatabiriki," kisha unywe maji.

6. Ile kampuni uliyoisifu mwaka jana, ambayo sasa imefungwa? Futa kitone. Mistari itakayobaki ikining'inia, iunganishe na mteja.