Safu ya Ushauri: Mzazi, Katuni na Rimoti Moja

Malalamiko ya wazazi wa Lushoto kuhusu vipindi vya watoto wadogo yana asili moja: televisheni ni moja, rimoti ni moja, na sebuleni wamekaa vizazi vitatu. Barua hutoka Soni, Mlalo, Lukozi na Mtae, na hutofautiana kwa mwandiko kuliko kwa hoja.

Barua za akina baba ndizo nyingi, na saini ya kawaida ni “Aliyechoka, Lukozi”. Huyu hurudi kutoka gulioni, kabichi zimeenda kwa bei ya hasara, anachotaka ni taarifa ya habari ya saa mbili. Anamkuta mtoto wa miaka minne amejibanza kwenye kigoda mbele ya kioo, rimoti ameikalia. Baba huandika kwamba katuni ni kelele, nyimbo ni zilezile, na mtoto hajifunzi kitu. Kuhusu nyimbo hakosei. Hurudiwa kwa makusudi, kwa sababu mtoto wa umri huo hushika jambo kwa kulisikia mara nyingi. Akili and Me, kipindi kilichoanza 2016 kikitengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, kimejengwa hivyo: Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, kila akilala huingia Lala Land, na huko yeye na marafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba na kuchora. Watoto wa Morogoro waliotazamishwa kipindi hicho katika utafiti waliwapita wenzao waliotazama vingine katika mambo kama kuhesabu na kutambua namba. Badala ya kubishana na matokeo hayo, baba anashauriwa amkalishe mtoto mbele ya kabichi zilizokosa mnunuzi amhesabie. Akifika ishirini bila kuruka, rimoti ibaki kwake hadi saa mbili kasoro dakika moja.

Wapo pia wanaolalamika kwamba kipindi kinamchosha mtoto. Mara nyingi mtoto ana miaka mitatu na kipindi ni Ubongo Kids, kilichoanza Januari 2014 kupitia TBC1 kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi, chenye hesabu ndani ya hadithi. Hapa hakuna cha kushauri zaidi ya kusoma jina la kipindi.

Barua ya bibi ni nzito zaidi. Huandikwa na mjukuu wa darasa la sita, kwa hiyo hufika ikiwa imepunguzwa makali. Bibi wa Mtae, jirani na msitu wa Shagayu, miaka yote amewalaza watoto kwa sauti ya komba, ambaye usiku hulia kama kichanga kilichotupwa. Sasa komba yumo kwenye televisheni, ni rafiki wa Akili, tena ana tabia njema. Mtoto akisikia kilio nje haingii tena chini ya blanketi. Anauliza kama mlango ufunguliwe, mgeni aingie. Bibi amenyang'anywa silaha, na malalamiko yake yanakubaliwa bila masharti. La pili analolalamikia ni kwamba mjukuu akisemeshwa Kisambaa hujibu kwa Kiswahili cha televisheni. Katuni ya Kisambaa haimo kwenye kifurushi chochote, kwa hiyo bibi anashauriwa aanzishe kipindi chake, saa moja jioni, kabla katuni hazijaanza. Hadithi anayo: Mbegha, aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, akakimbia kwao Ngulu, akaingia Usambara na mbwa wake wa kuwindia, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, na watu wakamfanya mfalme huko Vuga.

Hadithi hiyo ina damu nyingi kuliko Tom and Jerry, jambo linaloleta barua ya mama. “Mama Mwenye Hofu, Soni” anaeleza kwamba mwanawe amempiga mdogo wake kwa mwiko baada ya kumwona paka akipondwa kwa kikaango. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani watoto wadogo huiga. Paka na panya hao wanapondana tangu 1940, na walitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, ambako watazamaji wengi walikuwa watu wazima. Mama anashauriwa azime, na mwiko auweke juu.

Lakini mama huyohuyo, ikifika zamu yake, hufungulia tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na mtoto hubaki palepale. Mwezi Juni na Julai baridi ya milimani haimruhusu mtu kwenda popote. Kila mmoja amejikunyata sebuleni, na mtoto wa miaka minne anajua nani kamtilia nani sumu na mimba ni ya nani. Kwa saa zinazotumika, hicho ndicho kipindi cha watoto kinachotazamwa zaidi katika nyumba hiyo, na hakuna barua hata moja iliyowahi kuandikwa kukilalamikia. Waliotengeneza Sesame Street kule Marekani mwaka 1969 waliweka utani wa wakubwa ndani ya kipindi cha wadogo, ili mzazi avutike kukaa na mwanawe. Tanzania nayo ilipata toleo lake, Kilimani Sesame. Sebule nyingi za Lushoto zimegeuza mpango huo: mtoto ndiye anayekaa na mzazi kwenye kipindi cha mzazi.

Wanaouliza kiasi hujibiwa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019: asiyefikisha mwaka mmoja asitazame kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu yake ni bora zaidi. Utekelezaji husaidiwa na hali ya hewa. Nyuma ya mlima king'amuzi cha antena hupata taabu, hivyo wengi hutegemea dishi, na mvua kubwa ya masika inapokatiza mawimbi ya satelaiti, picha huganda. Mzazi anashauriwa asipande juu ya bati kulizungusha dishi. Saa ya mtoto imekwisha.

Inabaki barua ya mwenye nyumba ambaye watoto wa majirani huingia saa kumi na mbili, wakajaza mkeka, na hawaondoki mpaka waitwe. Anashauriwa apike uji mwingi. Wazazi wa watoto hao hawaandiki. Hawana maoni yoyote kuhusu kipindi, mradi mtoto arudi ameshiba.